Taa ya Oili Imewaka, Zima Injini Kwanza

Kama unasoma haya ukiwa umeshika usukani, na kile kikopo chekundu chenye tone mdomoni kimewaka kwenye dashibodi, acha kusoma. Toka barabarani, zima injini, weka pembetatu nyuma ya gari, kisha rudi hapa. Mengine tutayazungumza injini ikiwa imenyamaza.

Nimeshuhudia mara nyingi mambo yanavyokwenda. Taa inawaka, dereva anaigonga dashibodi kwa kidole, halafu anamwambia abiria wake, "Ngoja nisogee mpaka pale sheli." Pale sheli ni kilomita tatu. Injini ambayo ingepona kwa lita moja ya oili inafika ikigonga kama fundi seremala, na hesabu inageuka kuwa ya metali (beringi za kranki na konrodi), kranki, pengine injini nyingine kabisa. Brekidauni ni ghali, sikatai. Kranki ni ghali zaidi.

Kuna hali moja barabarani ambayo taa hiyo haina maana yoyote: injini ikizimika yenyewe, mathalani umeachia klachi vibaya kwenye foleni, taa ya oili na ya betri huwaka pamoja. Hapo pampu imesimama kwa sababu injini imesimama. Washa uendelee na safari.

Wengi huisoma vibaya taa hii. Haisemi kwamba oili imepungua. Inasema presha ya oili imeanguka. Oili inaweza kujaa mpaka alama ya juu na taa ikawaka, au ikapungua sana na taa isiwake mpaka uingie kona kali. Chukua Corolla za miaka ya 1990, zile AE100 na AE110 ambazo bado zimejaa mitaani. Pampu yake ya oili imekaa mbele ya injini na inazungushwa na kranki yenyewe. Inavuta oili kutoka kwenye sampu kupitia chujio la wavu, inaipitisha kwenye filta, halafu inaisukuma kwenye vijia vyembamba hadi kwenye metali za kranki na konrodi, na mwisho juu kabisa kwenye kemshafti. Kranki haitakiwi kugusana na metali. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo ukikatika chuma kinasaga chuma.

Fikiria bomba la maji la mtaa. Pampu ni ileile, lakini siku kila nyumba ya bondeni imefungua koki, aliyejenga mlimani anaambulia hewa. Ndani ya injini iliyochoka ni hivyohivyo. Metali zikilika nafasi inapanuka, oili inatorokea pembeni, na presha inashuka kila mahali ingawa pampu ni nzima. Ndiyo maana gari lenye kilomita laki tatu linaweza kuwasha taa siku ambayo hakuna kifaa hata kimoja kilichokatika.

Sasa tazama namba. Kwa injini za 4A-FE na 5A-FE, za Corolla za miaka hiyo, kipimo cha Toyota injini ikiwa ya moto ni presha isiyopungua paundi 4.3, yaani kilopaskali 29, gari likinguruma bila kukanyagwa. Na kati ya paundi 36 na 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Swichi inayowasha taa hungoja presha ishuke hadi paundi chache tu. Tairi lako lina paundi 30 hivi; ukilikuta na paundi tano utasema lina pancha. Basi taa hii ni mjumbe anayechelewa. Ukiwa barabara kuu presha inaweza kuwa paundi 12, theluthi ya kiwango cha chini kinachotakiwa, na dashibodi ikakaa kimya. Ikiwaka kwenye mwendo, ujue mambo yameharibika kuliko ikiwaka kwenye foleni. Wenye Land Cruiser za zamani zenye mshale wa presha wana bahati: wanauona ukishuka siku hadi siku.

Haya, umesimama pembeni. Ngoja kama dakika kumi oili iteremke kwenye sampu. Angalia gari limekaa tambarare, maana kando ya barabara zetu pameinama kuelekea mtaroni na dipstiki itakudanganya. Ichomoe, ipanguse, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Ile mara ya kwanza haihesabiwi. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni lita moja hivi. Injini ya 5A-FE hubeba lita 3 hivi kwa jumla, kwa hiyo kijiti kikitoka kikavu, kilichobaki ndani hakifiki lita mbili.

Usitazame kiasi tu, tazama rangi na unuse. Oili nyeusi si kosa, ndiyo kazi yake kubeba uchafu. Lakini ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia: ama gasketi ya silinda hedi imeungua, ama umepita kwenye mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, ukidhani unaendesha boti. Ikinuka petroli na kiasi kimepanda bila wewe kuongeza, petroli inavuja ndani na kuifanya oili nyepesi kama maji. Katika hali hizi mbili usiwashe tena, hata kama kiasi kinaonekana kizuri.

Kama tatizo ni kupungua tu, ongeza kidogo kidogo huku ukipima, usivuke alama ya juu. Oili ya aina uliyozoea ni bora, lakini ukiwa porini, oili yoyote ya injini inashinda kukosa oili. Washa, usipige resi, hesabu sekunde tano. Taa ikizimika na husikii kugonga, nenda taratibu, na simama kila baada ya mwendo mfupi upime tena. Ikibaki inawaka, zima. Na kama tangu mwanzo kiasi kilikuwa sawa lakini taa inawaka, usijaribu bahati: piga simu gari livutwe. Kama ni otomatiki ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele, magurudumu hayo yainuliwe, la sivyo utaokoa injini na kuua giaboksi.

Ukifika gereji, fundi anayejua kazi hatashika spana kwanza. Atauliza: "Bosi, taa iliwaka lini?" Uwe na jibu, kwa sababu wakati wa kuwaka ni nusu ya utambuzi.

Ikiwaka ukikata kona au ukifunga breki, kisha ikazimika, mara nyingi ni oili kupungua; inakimbilia upande mmoja wa sampu na bomba linavuta hewa. Ikipepesa gari likiwa la moto kwenye foleni, na ukigusa tu pedali inazimika, fikiria oili nyepesi au iliyochakaa, mzunguko wa injini ulioshushwa mno, au metali zinazoanza kulika. Asubuhi iko sawa, jioni inapepesa: jibu ni hilohilo, kwani oili ya baridi ni nzito na huficha uchakavu.

Ikiwaka mara baada ya kubadilisha oili, usihangaike na metali. Rudi kwenye kilichoguswa. Mpira wa filta ya zamani unaweza kubaki umeganda kwenye bloku, filta mpya ikafungwa juu yake, na mipira miwili ikasukumwa nje na presha. Oili inamwagika barabarani kwa dakika chache tu. Kila filta inapotolewa, pitisha kidole kwenye bloku uhakikishe hakuna mpira, paka oili safi kwenye mpira mpya, na kaza kwa mkono: ukishagusa, robo tatu ya mzunguko inatosha. Spana ni ya kufungulia. Filta bandia nayo haina ule mpira wa ndani unaozuia oili kurudi chini injini ikizimwa, au inao wa jina tu. Hapo kila asubuhi taa inachelewa kuzimika na juu kunasikika tiki-tiki ya tapeti kavu.

Halafu kuna ile inayowaka baada ya mwendo mrefu wa kasi, unasimama nusu saa, unawasha, imepona. Utarudi nyumbani ukisema gari limejitibu. Halijajitibu. Chujio la kwenye sampu limeziba: pampu ikivuta kwa nguvu, uchafu unajibandika kwenye wavu, injini ikizimwa, unadondoka.

Baada ya maswali, kinachofuata ni cha bei ndogo: swichi na waya wake. Kwenye injini nyingi za Toyota swichi iko karibu na filta, imefungwa kwenye bloku, na ina waya mmoja tu. Presha ikikosekana, swichi inaunganisha waya huo na bodi na taa inawaka. Kwa hiyo majaribio ni mepesi. Chomoa waya, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini. Taa ikizimika, waya haugusi bodi. Ikiendelea kuwaka wakati waya unaning'inia hewani, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Tafuta hapo, achana na injini. Sasa gusisha ncha ya waya kwenye chuma kisafi cha injini: taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa au waya umekatika, na umekuwa ukiendesha bila mlinzi.

Ukikuta plagi ya waya imelowa oili, swichi yenyewe inavuja kwa ndani. Ni kawaida kwenye magari ya umri huu, na swichi mpya ni kitu kidogo pale Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi ambako wenyeji bado wanasema Grogan. Usiikaze kama boliti ya tairi. Nyuzi zake zimechongwa kwa mshazari, zinajifunga zenyewe kadiri zinavyoingia.

Lakini usiishie kubadilisha swichi ukatoka unapiga miluzi. Hapa ndipo watu wawili wanapokosea kinyume. Mmoja anabadilisha swichi, taa inazimika kwa bahati, injini inakufa wiki mbili baadaye. Mwingine anafunguliwa injini nzima kwa ajili ya kifaa kidogo kuliko kidole gumba. Mimi nilikuwa karibu kuwa huyo wa pili. Corolla yangu ya mwaka 1996 ilipoanza kupepesa taa, fundi niliyempelekea alisikiliza injini kwa bisibisi sikioni, akatikisa kichwa kwa huzuni ya msibani, akaandika orodha: metali, pistoni ringi, pampu, gasketi seti nzima. Mzee mmoja jirani aliniazima geji. Tukapima. Presha ilikuwa nzuri kote. Swichi ndiyo iliyochoka. Tangu hapo sikubali injini ifunguliwe kabla ya kupimwa.

Geji ya presha ya oili ni saa yenye mpira mrefu, unafungwa mahali pa swichi. Gereji nyingi hazinayo. Mwenye gari la zamani ana sababu ya kununua yake. Kuwa makini na nyuzi. Swichi za Toyota na magari mengine ya Japani hutumia nyuzi za BSPT za robo ya nusu inchi, yaani 1/8, zenye mapito 28 kwa inchi. Seti nyingi za geji huja na NPT ya 1/8 yenye mapito 27. Ukizitazama ni pacha, na zamu mbili za kwanza zinaingia vizuri. Ukilazimisha ya tatu unaharibu tundu, na kama nyumba yake ni ya aluminiamu utajuta. Tumia adapta.

Washa injini mpaka iwe moto kamili, feni ya rejeta iwe imeingia na kutoka walau mara moja. Soma presha gari likinguruma bila kukanyagwa, kisha mtu mwingine apandishe mizunguko hadi 3,000 na kushikilia. Linganisha na kipimo cha injini yako. Ikiwa sawa kote kuwili, kosa ni la swichi au waya. Ikiwa chini kwenye mngurumo mdogo lakini nzuri ukikanyaga, badilisha oili na filta kwanza, upime tena. Ikirudi hivyohivyo metali zimeanza kuchoka, ila bado una muda wa kujipanga. Ikiwa chini kote kuwili, sampu lazima ishuke. Na mshale ukipaa kupita kiasi, valvu ya kupunguza presha, iliyo ndani ya pampu, imekwama ikiwa imefungwa. Hiyo nayo hupasua filta.

Kushusha sampu si kufanya ovaholi, usikubali kuchanganyiwa mambo hayo mawili. Na kabla ya kuishusha, lala chini uitazame kutoka nje. Gari linalopita matuta na mawe hubonyea hapo, na chujio liko sentimita chache tu juu ya sakafu ya sampu. Bonde la ukubwa wa ngumi linaweza kuziba mdomo wake. Nimeona pampu mpya mbili zikifungwa kwenye gari moja kabla mtu hajawaza kuinyoosha sampu.

Ukishaifungua, chunguza wavu kwa tochi. Kama ni tope jeusi, oili imekuwa ikibadilishwa kwa kuchelewa. Kama ni vipande laini vya kijivu, vyekundu au vyeusi kama ubani uliotafunwa, hiyo ni silikoni. Sampu ya Corolla hufungwa kwa silikoni kweli, lakini mstari wenye unene wa milimita 3 hadi 5 unatosha. Mafundi wengine hupaka kama wanasiriba ukuta; ziada inabanwa ndani, inakatika, inaenda moja kwa moja kwenye chujio. Simama pale wakati wa kufunga. Hakuna fundi mzuri atakayechukia. Hakikisha pia gasketi ya bomba la kuvutia ni mpya, maana ikipasuka pampu inanyonya hewa.

Ukikuta chembe zinazong'aa chini ya sampu, hizo ni metali. Za konrodi zinaweza kukaguliwa hapohapo kwa chini bila kuteremsha injini. Kranki ikiwa laini na kipimo chake hakijapungua, metali za standadi zitafaa. Ikiwa imechubuka ichongwe, na baada ya kuchongwa inataka metali za saizi iliyoongezwa. Anayekufungia standadi mpya juu ya kranki yenye mikwaruzo amekuuzia miezi michache. Na kama pampu ndiyo mbovu, kwenye injini hizi inabidi taimingi belti itoke, kwa hiyo weka belti mpya na sili ya mbele ya kranki siku hiyohiyo.

Kusafisha injini kwa dizeli au mafuta ya taa, kama wengi wanavyoshauriwa, sikuungi mkono. Kwenye injini yenye tope la miaka, dizeli inalibomoa vipandevipande, na vipande vyote vinakwenda kwenye chujio uliloliona. Fungua sampu, oshea nje.

Kuhusu oili nzito nina maneno ya pande mbili. Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi; ya pili ndiyo uzito wake injini ikiwa ya moto. Kutoka 10W-30 kwenda 20W-50 kwenye Corolla ya miaka ya 1990 iliyochoka kidogo, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, si dhambi, mradi kitabu cha gari kinaruhusu na umeshapima presha. Kumwaga oili nzito ili taa izimike bila kujua kwa nini iliwaka ni kumpa mgonjwa panadoli na kumfungia mlango. Zile chupa za dawa nzito zinazoongezwa kwenye oili ni hivyohivyo. Na kwa injini zenye VVT-i, kama za Vitz na IST, ambazo sasa nazo zimeingia kundi la magari ya zamani, usicheze kabisa: mfumo huo unaendeshwa kwa presha ya oili kupitia vijia vidogo, na cheni yake hukazwa na oili hiyohiyo. Fuata uzito ulioandikwa.

Ujanja wa oili nzito utakutana nao zaidi siku ya kununua gari. Nenda asubuhi, uombe gari lisiwashwe kabla hujafika; gusa boneti kama ni ya baridi. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Kikopo chekundu lazima kiwake. Kisipowaka, mtu amechomoa waya au ametoa balbu, na muuzaji akisema "hiyo huwa haiwaki, ni kawaida ya gari hizi", si kawaida. Washa: kizimike ndani ya sekunde chache. Kisha liendeshe nusu saa, hata kama muuzaji ana haraka, ulirudishe likiwa moto kabisa, uliache lingurume, uwashe taa kubwa na kiyoyozi, na ukitazame kikopo hicho kwa dakika tano nzima bila kumsikiliza mtu anayekueleza habari za redio.